Aliyeyageuza Mabenchi ya Kiwanja cha Mbata

Tarehe 30 Juni 2025, Bwana Kombo Hafidhi Shamte, mpangaji wa bustani na maeneo ya wazi katika ofisi yetu hapa Kilindoni, kisiwani Mafia, anastaafu baada ya kuutumikia umma kwa miaka thelathini na minne. Katika muda huo amepitia mikononi mwa wakuu wa idara wengi, hata yeye mwenyewe sasa huwakumbuka kwa magari waliyokuwa wakiyaendesha. Yeye hakupata kuendesha kitu chochote zaidi ya baiskeli yake nyeusi, na hiyo nayo mara nyingi aliikokota, kwa sababu alipenda kusimama kila hatua kutazama mahali penye kivuli na mahali pasipo nacho.

Kazi ya kuandika wasifu huu nimepewa mimi, Umi Taufiki, niliyekaa naye chumba kimoja cha ofisi. Wenzangu walinichagua kwa sababu, wanasema, nina mdomo. Bwana Kombo aliponiuliza nitaandika nini nilimjibu kwamba nitaandika ukweli. Akaniomba nipunguze kidogo. Sikupunguza.

Bwana Kombo ni mzaliwa wa kisiwa cha Juani, katika familia ya wavuvi na wakulima. Baada ya shule alikwenda bara kusomea upimaji na uchoraji wa ramani, akarudi mwaka 1991 na ajira mpya, kofia mpya, na ubao mkubwa wa kuchorea aliouzungushia mkeka usiharibiwe na maji ya chumvi. Waliompokea bandarini walipouona mzigo ule walidhani ameleta kitanda, wakampongeza kwamba sasa bila shaka ataoa. Hakuwa na mchumba wala fikra hiyo. Lakini maneno yakizungumzwa sana Mafia hupata miguu, na haukupita muda mrefu akamposa Bi. Afrah, binti wa Mzee Ameir Nabil wa Baleni, mwenye mashamba ya minazi na mwenye msimamo mkali sana katika mambo ya adabu. Mzee Ameir mtakutana naye tena hapa chini, kwa hiyo mwekeni akilini.

Kazi yake ya kwanza ya kueleweka ilikuwa uwanja wa mpira wa Baleni. Alitumwa kuupima, akakuta nusu ya eneo la hatari limelimwa mihogo, tena mihogo mizuri iliyokwisha kutia mizizi. Timu ilitaka ing'olewe, wenye mihogo walitaka timu ihame. Bwana Kombo alishinda pale siku nzima akiwasikiliza, akanywa madafu ya pande zote mbili, kisha akapendekeza goli ndilo lisogezwe. Likasogezwa. Uwanja wa Baleni ukawa na umbo la ajabu kidogo, na timu ngeni zikilalamika huambiwa kwamba goli lilipisha chakula. Mihogo ilipovunwa hakuna aliyekumbuka kulirudisha goli, nadhani kwa sababu timu ya Baleni ilikwisha zoea kushinda.

Safari moja alipelekwa kisiwa cha Shungimbili kupendekeza mahali pa kuweka kivuli kwa ajili ya wageni wanaokuja kuoga na kurudi siku hiyo hiyo, bila kuwabughudhi wavuvi wenye dago lao, ile kambi yao ya msimu. Alichora ramani safi kabisa, akaipeleka kwenye kikao, ikasifiwa. Aliporudi kisiwani na mafundi akakuta mchanga umehama, na mahali alipochora kivuli pana maji ya kiunoni. Lile ni fungu la mchanga, hutembea. Bwana Kombo aliitazama ramani, akautazama mchanga, akatangaza kwamba ramani haina kosa, kisiwa ndicho kilichokosea. Wavuvi walicheka hadi wakakaa chini. Tangu siku hiyo kivuli cha Shungimbili ni turubai na nguzo za kuhamishika, na kinafanya kazi vizuri.

Alikuwa na desturi moja ambayo sisi wa chumba kile tuliizoea kama tulivyozoea mlango wetu usiofunga. Kila alichokipanga lazima akikalie mwenyewe. Ukimwambia jiwe la kupumzikia kwenye njia ya magofu ya Kua limekamilika, atapanda mashua kwenda Juani, atalikalia, atageuka kushoto na kulia, ndipo atatia saini. Suruali zake zote zimepauka nyuma kwa sababu ya utumishi wa umma.

Lakini ukimuuliza mtu yeyote wa mjini kuhusu Bwana Kombo, atakutajia Kiwanja cha Mbata. Vijana hawajui kwa nini panaitwa hivyo. Zamani magunia ya mbata, zile nazi kavu za kukamuliwa mafuta, yalirundikwa pale kusubiri chombo cha kwenda bara. Biashara hiyo ilipofifia kiwanja kilibaki na mchanga, chupa na mbuzi, katikati ya mji, kati ya njia kuu na bahari. Bwana Kombo alikipenda tangu alipokiona kwa mara ya kwanza kikiwa kitupu. Kila mwaka aliandika pendekezo la kukifanya bustani ya watu wote, na kila mwaka alijibiwa kwamba wazo ni zuri. Mkuu mmoja alimshauri atafute kitu kingine cha kupenda. Mwaka 2017, hatimaye, likapita.

Tulipanda mikungu na miarobaini, tukaweka njia ya kokoto katikati, tukaweka bomba la maji na mabenchi ya saruji yenye migongo. Fundi alikuwa Tumaini, kijana wa bara mwenye mikono mizito na kazi isiyo na mchezo. Mabenchi yote yalitazama bahari. Bwana Kombo aliwahi kuona bustani ya namna hiyo huko bara, watu wamekaa wanatazama maji, na picha ile haikumtoka. Siku ya ufunguzi utepe ulikatwa, hotuba zikatolewa, watoto wakaimba, na kila mgeni rasmi alikaa kidogo akatazama bahari akasema mashallah.

Kisha wakaondoka, na baada ya hapo hakukaa mtu.

Nasema kweli, hakukaa mtu. Wiki zikapita, miezi ikapita. Mbuzi walilala juu ya mabenchi. Wanaume waliendelea kubanana kwenye ngazi za duka la ng'ambo ya njia, wengine wamekaa, wengine wamesimama wameegemea baiskeli, na mabenchi matupu wanayaona pale mbele yao. Tukiwauliza walijibu kwa upole wetu wa kisiwani, ule usiomwambia mtu kitu kibaya usoni: bustani nzuri sana, tutakaa inshallah. Bwana Kombo akaongeza miti. Akapaka mabenchi rangi ya kijani. Akaweka kipaza sauti cha kupigia muziki wa taarabu, ambacho kilizimwa siku ile ile kabla ya adhuhuri kwa maombi ya majirani wote kwa pamoja. Mvuvi mmoja, Muhidini, alimwonea huruma akamwambia ukweli nusu: “Bahari, Bwana Kombo, siye tumetoka huko sasa hivi. Unatuweka tuitazame ya nini?”

Hapo ndipo mambo yakawa mazito. Likaja pendekezo jipya mezani kwamba Kiwanja cha Mbata kiwe maegesho ya malori na mahali pa kushushia saruji na mabati. Waliolileta hawakuwa watu wabaya. Walisema ardhi ya katikati ya mji haiwezi kuachiwa mbuzi, na wananchi wenyewe wameshaonyesha kwamba bustani hawaihitaji. Kamati ingekuja kukagua baada ya Idi, na kila mtu ofisini alijua itaamua nini. Bwana Kombo aliacha kutania. Alikuja asubuhi, akachora, akafuta, akaondoka. Kile kilikuwa kitu pekee alichokiomba katika utumishi wake wote, na kilikuwa kinampotea kwa sababu ambayo haijui. Tulimwonea uchungu sana.

Ikaingia Ramadhani. Alasiri moja, akisubiri magharibi, alikwenda akakaa peke yake kwenye benchi lake moja, uso baharini, mawazo mbali. Siku hiyo Mzee Ameir alikuwa amekuja mjini kutoka Baleni, na njia ya msikitini ikampitisha katikati ya bustani, nyuma ya benchi. Akamwona mkwewe. Akasimama. Akakohoa, kile kikohozi cha wazee ambacho kila mtu mwenye malezi anajua maana yake, akangoja shikamoo yake. Upepo ulikuwa unatoka baharini, na Bwana Kombo alikuwa anawaza malori. Hakusikia kitu. Mzee akangoja tena kidogo, watu wa ngazi za duka wote wakitazama, kisha akajiendea zake.

Habari ilifika nyumbani kabla ya Bwana Kombo. Shangazi wa Baleni alikwisha piga simu, na shangazi wa pili akapiga kuthibitisha. Alipoingia akakuta futari imetengwa vizuri, uji, muhogo wa nazi, samaki, na hakuna anayesema naye. Bi. Afrah alipofungua kinywa aliuliza jambo moja tu: “Baba yangu kakukosea nini, hata umpe mgongo mbele za watu?” Bwana Kombo anasema tende aliirudisha sahanini. Anasema pia kwamba alikula daku peke yake.

Kulipokucha alikwenda Baleni kwa baiskeli, na safari hii hakuikokota. Alimkuta mzee akikagua nazi zilizoangushwa, akamwamkia kwa kuinama mara mbili, akaeleza kwamba hakumwona wala hakumsikia. Mzee Ameir alimwacha aeleze mpaka akamaliza, kwa sababu alikuwa na hasira na alitaka kuifaidi. Kisha akasema maneno ambayo Bwana Kombo ameyarudia kila kikao tangu siku hiyo: “Utanionaje, na weye umekaa kwenye yale mabenchi yako? Yanamfanya mtu awe hana adabu hata kama anayo. Wenzio wanajijua, ndiyo maana hawayakalii.”

Wageni wanaosoma wasifu huu huenda wakahitaji kuelezwa. Kwetu mdogo ndiye anayeanza kumwamkia mkubwa, na huwezi kumwamkia mtu usiyemwona. Ndiyo maana baraza zetu zote zina ukuta mgongoni na njia mbele. Anayepita anaonekana, anapata shikamoo yake, anaitikia marahaba, anaulizwa habari za nyumbani, na mji unaendelea kuwa mji. Bwana Kombo alikuwa amejenga mahali ambapo kijana mwenye heshima zake akikaa anakuwa mtovu wa heshima, na mzee akikaa anawapa watu kisogo kana kwamba amewasusa. Hakuna aliyemwambia, kwa kuwa kumwambia nako kungekuwa kukosa adabu. Na yeye, mtoto wa Juani aliyelelewa barazani, hakuliona hilo kwa sababu alipochora alikuwa anaikumbuka ile bustani ya bara.

Alirudi ofisini akiwa anacheka peke yake, tukaogopa. Alikwenda moja kwa moja kwa mkuu, akamwambia kosa ni lake, si la wananchi, na kwamba anaomba nafasi ya kulirekebisha kabla kamati haijaja. Mkuu alisema fungu la fedha hakuna. Bwana Kombo akasema hakuomba fungu, ameomba nafasi. Kwa hilo mkuu hakuwa na pingamizi.

Basi Idi ilipomalizika tukaenda kuyageuza. Hapo ndipo tulipogundua uhodari wa Tumaini. Kijana yule, kwa kuhofia mabenchi yasiibwe, alikuwa ameyachimbia chini na kuyamwagia zege ya kushikilia nyumba. Alisimama pale na sururu yake, akajikuna kichwa, akasema: “Mzee Kombo, mimi nilijenga ya kukaa hadi wajukuu.” Akaanza kubomoa kazi yake mwenyewe. Timu ya Baleni ilikuja kusaidia, maana goli lile hawakulisahau. Bwana Kombo alikunja suruali akachimba nao, akiwa amefunga kiuno kwa kanga ya Bi. Afrah, kwa kuwa mgongo ulikwisha kumuuma siku ya kwanza. Bi. Afrah mwenyewe aliwaletea wachimbaji chai na vitumbua, akasimama kuhakikisha kila benchi limegeuka sawasawa. Tulipomaliza, mabenchi yalikuwa yamepangwa pande mbili za njia, yakitazama njia na kutazamana.

Muhidini alikuwa wa kwanza kukaa. Alitoka ufukweni na nyavu zake za kushona, akachagua benchi, akakaa kama mtu aliyerudi kwake. Akapita mwalimu mmoja mstaafu, Muhidini akamwamkia. Mwalimu akaitikia, akasimama kuuliza habari, na kusimama kukamchosha, naye akakaa. Kabla ya magharibi zile ngazi za duka zilibaki na mwenye duka peke yake, akiulizana na nafsi yake wateja wamekwenda wapi. Siku ya tatu naye alileta birika la kahawa bustanini.

Kamati ilikuja na futi kamba ya kupimia maegesho ya malori. Waliingia kwa njia ya kati, na hapo hapo wakakwama. Kila benchi lilikuwa na watu, na kila mtu aliwaamkia. Shikamoo za kushoto, shikamoo za kulia, marahaba, hamjambo, hatujambo, nyumbani hawajambo, na yule mtoto aliyekuwa hospitali anaendeleaje. Mjumbe mmoja alikutana na somo yake akakalishwa. Mwingine akapewa kikombe cha kahawa ambacho hakukitegemea. Walipofika mwisho wa njia adhana ya magharibi ilikuwa inasikika na futi kamba haijatoka mfukoni. Taarifa yao ilikuwa fupi: malori yatafutiwe eneo nje ya mji. Yalitafutiwa, na yapo huko mpaka leo.

Bwana Kombo angeweza kuishia hapo akala sifa zake. Lakini aliona kwamba wanaokaa wote ni wanaume. Akamfuata Bi. Mwanamkuu, kiongozi wa kina mama wanaosuka ukili, akamuuliza wao wanataka nini. Bi. Mwanamkuu hakusema, aliwaita wenzake. Walikuja na mikeka yao, wakaitandika pale walipopataka wao, upande wa miti, mbali kidogo na njia lakini wanaiona, wakakaa wakaanza kusuka. Bwana Kombo akachukua chokaa akaizungushia mikeka mstari. Hiyo ndiyo ilikuwa ramani. Ukuta mfupi na baraza la kina mama vilijengwa juu ya mstari ule, na tangu hapo hajapanga eneo lolote la wazi kwa namna nyingine: kwanza watu waje wakae, kisha yeye achore. Tumetumia njia hiyo Baleni kwa uwanja wa watoto na Juani kwa banda la wakulima wa mwani. Ofisini inaitwa upangaji wa mikeka, na watumishi wapya hufundishwa kabla ya kuonyeshwa kompyuta.

Leo Kiwanja cha Mbata kinatumika kwa mambo ambayo ramani ya mwanzo haikuyajua. Wakulima wa mwani hukutana pale kupanga bei. Watoto huchanjwa pale. Maulidi husomwa pale, maharusi hupiga picha pale, abiria wa mashua hungoja pale, na wanafunzi hufanya marudio wakidai kwamba nyumbani kuna kelele. Watumiaji wana kamati yao wenyewe, mwenyekiti ni Bi. Mwanamkuu, na anayetaka kufanya shughuli lazima aombe siku kwake.

Sasa nieleze kwa nini leo mmekalishwa uani kwa ofisi, kwenye viti vya plastiki, jua likiwapiga. Bwana Kombo alipoulizwa angependa kuagwa wapi, hakufikiri hata kidogo. Alisema Kiwanja cha Mbata. Nikaenda mwenyewe kumwomba Bi. Mwanamkuu nafasi ya Jumamosi hii. Alinikaribisha, akanipa kahawa, akanisikiliza hadi mwisho, akasikitika kwa dhati. Asubuhi kuna mkutano wa wakulima wa mwani, mchana kuna kliniki ya watoto, jioni kuna harusi. Nikamkumbusha kwamba anayeagwa ni Kombo mwenyewe. Akaniambia anajua, na kwamba anampenda kama mwanawe. “Lakini pamejaa, mwanangu. Mwambie kama kustaafu kwake anaweza kukusogeza mbele wiki moja, tutampangia.”

Nilirudi kwa miguu mizito, nikampa jibu kama nilivyopewa. Bwana Kombo, aliyekaa miezi mingi akiomba walau mtu mmoja akae pale, alivua kofia, akaiweka mezani, akacheka. Kisha machozi yakaanza kumtoka, na hakuyafuta. Aliniambia katika utumishi wake wote hajapata kupewa cheti kizuri kama hicho.

Bwana Kombo, kaka yetu, sisi wa chumba chenye mlango usiofunga tunakushukuru kwa kazi, kwa mizaha, na kwa kutufundisha kukalia tunachokijenga. Bi. Afrah, asante kwa kanga, kwa vitumbua, na kwa kutuazima mumeo muda wote huo. Tunamrudisha akiwa mzima, isipokuwa suruali. Mwenyezi Mungu akupe afya, utulivu, na siku ndefu zenye watu wa kukuamkia. Tumerudi tena kwa Bi. Mwanamkuu kukuombea, na amekubali: Jumanne, baada ya alasiri, benchi la pili kutoka bombani, nafasi ya mtu mmoja. Usichelewe, ameapa hatamzuia mtu mwingine kuikalia.